Mkoba Uliobaki Kwenye Benchi la Maktaba

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, ulitoka nyumbani asubuhi na vitabu vinne mkobani, ukaniambia nisiifunike gundi kwa sababu unarudi sasa hivi. Leo mwaka umezunguka, mama watoto. Gundi ilikauka kwenye kopo, brashi ikiwa ndani yake. Sijaitoa.

Wanao walitaka tangazo la kumbukumbu la upole. Binti yetu aliandika lake, zuri tu, lina pengo lisilozibika na safari ya milele. Nikamwambia, mwanangu, hilo ni tangazo la mtu yeyote, hata la mkurugenzi. Mama yako angepitisha kalamu nyekundu mistari yote akabakiza tarehe. Akacheka, halafu akalia, akaniachia kalamu. Kwa hiyo anayeandika hapa ni mimi mumeo, fundi viatu, niliyeishia darasa la nne. Watu wakikuta makosa wajue aliyekuwa anasahihisha hayupo.

Kuna watakaosoma ambao hawakukujua. Acha niwaambie, wewe utanisikiliza.

Ulikuwa mchapishaji. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria jengo lenye lifti. Kampuni yako ilikuwa nusu ya chumba changu. Mbele, upande wa barabara, meza yangu ya viatu. Nyuma ya pazia, meza yako, taa yako, na marundo ya karatasi yanayokaribia dari. Gundi tulitumia moja. Uzi tulitumia mmoja, ule wa nta, tangu siku uliyoniambia kwamba mkono unaoshona soli hauwezi kushindwa na mgongo wa kitabu. Mteja akifuata viatu vyake alivikuta vimekaa juu ya mashairi. Wengine waliondoka na vyote viwili.

Mtaani walikuita Mama Vitabu. Mimi uliniita Fundi, hata siku tulizonuniana.

Ulikuwa na tabia ambayo sijaisikia kwa mchapishaji mwingine. Mswada ukiletwa, hukuusoma peke yako. Ulivuta kigoda ukakaa karibu yangu, ukausoma kwa sauti huku mimi nagonga misumari. Hukuniuliza kama ni mzuri. Ulisikiliza nyundo. Ikiendelea kugonga, unageuza ukurasa. Ikinyamaza, unachora mstari mdogo pembeni na kusema, "Hapa." Kuna siku ilinyamaza kwa sababu nimejigonga kidole. Ukasema na huo tuuhesabu, mwandishi kakaribia.

Ulichapa watu ambao wakubwa hawawaoni. Mpiga pasi wa hoteli, aliyeandika habari za vitu anavyovikuta mifukoni mwa nguo za wageni. Tarishi. Mwalimu aliyefukuzwa kazi. Na yule Kijana wa Mashairi, aliyekuja mara ya kwanza na viatu visivyo na soli. Nilimshonea, ukamchapia, akapata zawadi, kampuni kubwa ikamchukua. Kitabu chake kilichofuata kikatoka na picha yake kajishika kidevu, na nyuma wameandika kwamba hicho ndicho cha kwanza. Nilikasirika, nikataka nimfuate nikamvue viatu vyangu. Wewe ukasema, "Mwache, Fundi. Basi chetu kilikuwa cha sifuri. Hata kumi huwezi kuiandika bila sifuri."

Kwenye maonyesho ya vitabu waandaaji walikupa meza karibu na choo, kila mwaka, kana kwamba imeandikwa jina lako. Nikisema ni dharau, unasema angalau hakuna mkubwa asiyepita. Na kweli walipita, wakienda mbiombio, wakirudi wametulia, ndipo unawauzia.

Ulipoomba vitabu vyako vinunuliwe kwa ajili ya maktaba za shule, wenye mamlaka walirudisha majibu kwamba mgongo umeshonwa kwa mkono, haujafikia kiwango. Mimi nimeshona mabuti ya askari, yamekanyaga mawe na tope, hayajafumuka. Lakini kitabu, kitu cha kupitishwa macho tu, eti mshono wangu hautoshi.

Niliwahi kukuuliza kwa nini usifanye kama wenzako, uchape vitabu vya majibu ya mitihani, tupumue. Ulikuwa unanyoosha pembe za karatasi, hukuinua kichwa. Ukasema wakubwa wanachapa kile ambacho wasipokichapa wao atakichapa mwingine. "Mimi nachapa ambacho nikikiacha kinakwenda kaburini na mwenyewe."

Sikujua kuna siku kingekwenda na wewe.

Sasa niseme habari ya Mkunga, maana ndiyo inayonimaliza.

Mkunga wetu wa mtaani, aliyewapokea watoto wetu wote wawili na nusu ya watakaosoma karatasi hii, alikuwa na maisha ya kusimulia lakini hakuwa na mkono wa kuandika. Ukamfuata kwake. Kwa miezi na miezi yeye alisimulia huku akikunja nguo, wewe ukiandika nyuma ya karatasi zilizoharibikia mashineni, kwa sababu hukuweza kutupa karatasi yenye upande mmoja mweupe. Ukirudi nyumbani unanisomea, nami nagonga. Sijawahi kusikia nyundo yangu ikinyamaza mara nyingi hivyo.

Mlipomaliza, kitabu kikiwa kinapangwa, kiharusi kikampiga. Kilimchukua ulimi na mkono wa kulia. Tulikwenda wote kumwona. Ulimshika mkono wa kushoto, ukakifungua kiganja, ukakigonga katikati kwa kidole. Ukamwambia, "Bibi, kitabu chako kinakuja. Nitakuwekea hapa. Hapa hapa." Akakifunga kiganja taratibu, na kidole chako kikiwa ndani.

Ulikuwa na sheria yako, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Vitabu vya kwanza kushonwa vilikwenda kwanza Maktaba Kuu kuandikishwa, kama serikali inavyoagiza, kabla hata ya mwandishi kuonjeshwa. Wachapishaji wengine wadogo hawajisumbui. Wewe ulisema kitabu kisichoandikishwa ni sawa na mtoto asiye na cheti, siku yoyote wanaweza kumkana. Basi nikashona vinne vya Mkunga. Tukavitia kwenye mkoba niliokutengenezea kwa ngozi ya mabuti, pamoja na flashi ya kompyuta yenye kitabu chote, kwa sababu nayo waliitaka. Cha tano, cha kumpa Mkunga mwenyewe mkononi, ulitaka nikishone kwa uzi mwekundu. Ukasema nisikianze mpaka urudi, unataka uwe umekaa unaangalia.

Yaliyotokea huko nimeyasikia kwa mlinzi wa mlangoni, mtu mzima mwenzangu, ambaye katika jengo lile zima ndiye pekee aliyeniambia bila kutazama saa.

Anasema ulikuta ofisi ya kupokea vitabu iko wazi na haina mtu. Wote walikuwa ghorofani kwenye kongamano. Kongamano la nini? Bango lilikuwa limesimama mlangoni, na baadaye nimeliona kwa macho yangu likiwa limekunjwa nyuma ya kabati: Nafasi ya Wachapishaji Wadogo Huru katika Fasihi ya Leo. Wewe hukualikwa. Walialikwa wakubwa, waje wawajadili wadogo. Na wale ambao kazi yao ni kupokea vitabu walikuwa huko juu wakigawa maji ya chupa.

Ukamwambia mlinzi utangoja. Akakuonyesha benchi. Ulisoma lile bango mpaka chini, ukacheka, ukamwambia, "Wananijadili huko juu. Wakimaliza waje waniambie kama nipo."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho tuliyonayo.

Ulikaa pale na presha yako na jua la dirishani. Mlinzi anasema makofi yalipigwa juu, mengi, mara kadhaa. Alipokuangalia tena akadhani umesinzia, umeukumbatia mkoba kama abiria anayeogopa wezi. Waliposhuka kwenda kula, walipita mbele yako wote. Mmoja akawanong'oneza wenzake wasikuamshe, mama wa watu kachoka. Heshima uliyoipata kwao ni hiyo tu, na hata hiyo walimpa maiti.

Gari la wagonjwa lilikuja, likakubeba. Mkoba ukabaki kwenye benchi.

Siku ya mazishi mimi na shemeji zangu tulikuwa mochwari kukuchukua. Nyumba ilijaa watu, nafasi ya kukaa hakuna, na kuni zilizoletwa zilikuwa mbichi. Majirani wakapita nyuma ya pazia. Wakakuta rundo la karatasi kubwa, kurasa zimekaa hovyo, wa kwanza uko ubavuni mwa wa kumi na sita, mwingine umesimama kichwa chini miguu juu. Sisi tunajua hivyo ndivyo karatasi ya kitabu inavyotoka mashineni. Ukishaikunja na kuikata, kila ukurasa unarudi mahali pake. Asiyejua anaona karatasi zilizoharibika. Jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekupenda kuliko hata dada zako, alizikumbatia akazitoa mwenyewe. Pamoja nazo akachukua na mwandiko wako, ule ulioandika nyuma ya karatasi ambazo kweli zilikuwa mbovu.

Niliporudi nilipewa chai, nikanywa. Nilikunywa chai iliyochemshwa kwa kitabu cha Mkunga, mke wangu, na nikasema ahsante.

Watu walipotawanyika nikainua pazia. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Palikuwa na majivu mepesi, yale yanayobaki na umbo la karatasi. Unaona hata safu za mistari, ukipumua tu zinavunjika.

Jirani alinifuata pale. Akaniuliza, "Shemeji, kwani yalikuwa ya kazi? Si yalikuwa yamepindukapinduka?" Yeye hana kosa, alikuwa anawapikia watu wako. Sasa tukikutana njiani anafuta macho, nimemwambia aache, hasikii. Wenye kosa hawajafuta macho hata mmoja.

Mwenye mashine, anayetuchapia, alikuwa ameshaosha mabati yenye kurasa zile ili ayatumie kwa kalenda za watu. Dada anayetupangia kurasa husafisha kompyuta yake kila kazi inapotoka, ni ya zamani, haibebi mzigo. Wote wawili walikuja kunieleza wakiwa wamesimama, wamekataa kiti. Kwa hiyo kitabu cha Mkunga duniani kimebaki kwenye mkoba wako tu.

Nimekwenda Maktaba Kuu mpaka mlinzi ananiita mfanyakazi mwenzake. Yeye anasema aliukabidhi mkoba mapokezi. Mapokezi wanasema waliupeleka ofisi ya kupokea vitabu. Ofisi ya kupokea vitabu wanasema siku ile hawakupiga muhuri wowote, na bila muhuri hakuna kilichopokelewa. Nikauliza kwa nini hawakupiga muhuri. Wakasema siku ile kulikuwa na kongamano.

Nikafika kwa mkurugenzi. Alinipokea vizuri, ofisi baridi, kiti cha kuzunguka. Akasema alikuthamini sana, na kwamba kongamano lile lilipitisha maazimio, na moja linasema wachapishaji wadogo ndio moyo wa fasihi. Nikamwambia moyo wenyewe ulisimama hapo chini mlangoni kwake. Akaangalia simu. Nikauliza habari ya mkoba.

"Mzee wangu," akasema, "kwa taratibu zetu, kitabu ambacho hakijaandikishwa hakipo."

"Na mke wangu? Naye hakuja?"

Akasema atalifuatilia. Kabla hajafuatilia wakampandisha cheo, wakamhamisha. Aliyekuja baada yake akaniambia nianze upya, niandike maombi, nieleze huyo marehemu alikuwa nani. Nikamwambia apande ghorofani akaangalie. Wameweka rafu yenye jina lako. Ulisema waje wakuambie kama upo, jibu lao ndilo hilo. Rafu ni ya mbao nzuri, ina kibandiko cha shaba. Nimeiona. Haina kitabu.

Mwaka huu wameandaa kongamano jingine. Kijana wa Mashairi ndiye mzungumzaji mkuu, na kaniletea ujumbe kwamba atakutaja. Wamenialika nikapokee cheti chako. Siendi. Cheti hakina kurasa.

Binti yetu aliniambia, "Baba, wewe ulikisikia chote. Kisimulie, mimi nitaandika." Tukajaribu. Nikakaa kwenye kigoda chako, yeye akakaa na kalamu. Ndipo nikajua kwamba nakumbuka pale tu nyundo iliponyamaza. Namkumbuka mtoto aliyezaliwa kwenye foleni ya maji, wanawake wakapanga ndoo zikawa ukuta. Namkumbuka baba aliyekimbia kwa woga, akarudi kashika jembe, mwenyewe hajui la nini. Namkumbuka yule mtoto ambaye hakulia, na Mkunga akamwimbia wimbo wote hivyo hivyo, mpaka mwisho, ndipo akamfunika. Hapo katikati sina kitu. Kati ya kimya na kimya nilikuwa nagonga misumari.

Nikampelekea Mkunga hivyo vipande, nikamsomea. Alisikiliza kidogo. Nilipofika kwenye jembe akageuza uso akatazama ukuta. Sijui nilikosea wapi, na yeye hawezi kusema. Binti yake akaniambia polepole labda lilikuwa shoka.

Miswada bado inaletwa, mke wangu. Wengine hawajasikia kwamba hupo. Wengine wamesikia, ila hawana pengine pa kupeleka. Wanaiweka mezani pamoja na viatu, wanauliza viatu vitakuwa tayari lini, hilo jingine wanaona haya kuliuliza. Nimejaribu kuisoma. Nasoma kwa kidole, neno kwa neno, na nikishika karatasi sishiki nyundo, basi nitajuaje imenyamaza wapi? Mwenye mashine anasema yuko tayari kuchapa. Achape nini? Nani wa kusema "Hapa"?

Shemeji zangu wananiambia mambo yatakaa sawa. Wewe sikudanganyi, sijawahi kukudanganya hata kwa bei ya soli. Sioni yakikaa sawa. Naona marundo yakikua nyuma ya pazia, na wenye marundo wakizeeka.

Karatasi hii mwenye mashine kaichapa bure. Nimeikunja mwenyewe, kurasa zikarudi mahali pake. Nimeishona kwa uzi mwekundu, ule uliokuwa wa kitabu cha tano.

Unakumbukwa na mumeo, Fundi. Unakumbukwa na binti yako, ambaye sasa anasahihisha hata maandishi ya kwenye pakiti za sabuni kama wewe, na mdogo wake wa kiume, ambaye hataki kabisa kuingia nyuma ya pazia. Unakumbukwa na mama yako, anayekuita bado kwa jina la utotoni. Na dada zako, kaka zako, mawifi zako na wajukuu wa upande wako na wangu. Jirani wa ukuta mmoja anakukumbuka, na mwenye mashine, na dada wa kurasa. Mlinzi wa mlangoni ameomba naye awekwe, nimemweka.

Hatuna siku ya kukusahau. Hata tungeitafuta, nyumba nzima inanuka gundi yako.

Na Mkunga anakukumbuka. Jumapili nakwenda kumwona. Nikitokea tu mlangoni anauinua ule mkono wa kushoto, anakifungua kiganja, anangoja. Nimewauliza Maktaba Kuu, nimemwuliza mkurugenzi wa zamani na wa sasa, na leo nakuuliza wewe mbele za watu: nimwekee nini pale?